Siku Niliyoruka na Fimbo

Kama uliwahi kuiona ile picha, basi umeshanijua. Ni mwanamke mwenye kizibao cha rangi ya machungwa, yuko hewani, mdomo wazi kama anayeng'olewa jino, na mkononi ameinua fimbo ndefu ambayo kwa kanuni haikutakiwa kuinuliwa. Buti moja iko mguuni. Ya pili iko njiani, inakwenda zake.

Ndiye mimi, Bernadette Wojtasik, mwalimu wa historia katika sekondari moja ya mji wa Lackawanna, Marekani. Nilikuwa na miaka arobaini na nne. Wanafunzi wangu walikuwa wamenipa jina la Bi Mazishi kwa sababu ya uso wangu, na sikuwalaumu. Ni uso ambao watu wakiuona kwenye harusi huuliza kama nimepata habari mbaya. Lakini uso huohuo ndio ulionipatia kazi ninayotaka kuieleza, na siku moja tu uliponisaliti, nikaipoteza.

Katika mpira wetu, huu wa kubebwa mikononi, timu hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi kumi. Ikizipata, hupewa mengine manne. Ikizikosa, mpira unakwenda kwa wenzao. Miaka ile yadi hizo zilipimwa kwa mnyororo wa chuma wenye fimbo mbili, moja kila mwisho, na mnyororo ulishikwa na watu wa kawaida wa mjini ambao Jumatatu walirudi kwenye kazi zao. Mmoja alikuwa kinyozi. Mmoja alikuwa fundi umeme. Na fimbo ya mbele, ile inayosema mpira ufike wapi, aliishika baba yangu, Casimir Wojtasik, kwa miaka ishirini na tisa.

Baba alikuwa mtu wa kiwanda cha chuma mpaka kiwanda kilipofungwa, kisha akawa fundi wa mabasi, lakini ukimuuliza yeye ni nani angekwambia ni mtu wa fimbo ya mbele. Alikuwa na sheria moja.

"Ukishavaa kile kizibao huna timu," alikuwa akisema. "Wewe ni nguzo. Umewahi kuona nguzo inashangilia?"

Nyonga ilipomshinda aliniita mimi, mtoto wake wa pekee, akanipeleka kwa Mzee Gus Pfohl, mkuu wa kikosi cha mnyororo. Mzee Gus alikuwa fundi bomba mstaafu mwenye shingo fupi na maneno mafupi zaidi. Alinitazama muda mrefu.

"Huyu hajawahi kufurahi?" akamuuliza Baba.

"Si mbele yangu," Baba akajibu, kwa fahari.

Nikapewa kizibao. Baba akanipa na buti zake, saizi mbili kubwa kuliko miguu yangu. Nilivaa soksi za sufu jozi mbili ili zinikae, nikajiona mrithi halali.

Mechi yangu ya pili tu nilipata onyo. Mchezaji mmoja wa wageni alivunjika kifundo cha mguu mbele yangu, hatua tatu hivi, akamwita mama yake. Nililia. Baada ya mechi Mzee Gus alinivuta pembeni.

"Kulia ni kushangilia kwa upande wa pili," akasema. "Nikiona uso huo mara moja tena, unarudisha kizibao."

Sikumwambia Baba. Yeye kila Jumapili alikaa kwenye kochi lake akitazama televisheni, lakini si mpira. Alitazama ukingo wa kioo, pale fimbo inapotokea na kupotea. Kamera ikipita akaiona imesimama wima, alipiga goti lake kofi moja. Hayo ndiyo yalikuwa yamebaki kwenye Jumapili zake, na mimi ndiye niliyeyashika mkononi.

Basi ikaja Jumapili ile ya Novemba.

Sijui walinzi wa timu zote mbili walikula nini asubuhi. Walicheza kama watu waliosahauliwa ndani ya basi. Wageni walipokea mpira wa kwanza, wakafunga bao, ambalo kwetu ni pointi sita au saba. Sisi tukafunga. Wakafunga. Theluji nyepesi ilikuwa inashuka na watu elfu sabini wanapiga kelele bila kupumzika. Kufikia mapumziko wageni walikuwa na pointi ishirini na nane, sisi ishirini na saba. Waliokuwapo bado wanaisimulia mechi hiyo kwa macho yaliyolegea. Mimi nakumbuka kukimbia tu.

Maana mtu wa mnyororo hapendi mabao. Mechi nzuri kwake ni ile ya kusukumana kwenye tope, yadi mbili, yadi moja. Mtu akikimbia na mpira yadi hamsini, wewe na fimbo yako mnakimbia hamsini hizohizo, mwenzako wa fimbo ya nyuma anakuvuta kama mbuzi, na kinyozi yuko katikati. Kinyozi huyo aliitwa Lucius Gaines. Kazi yake ilikuwa kibanio, kidude kidogo cha chuma kinachobana mnyororo hasa pale unapokatiza mstari wa uwanja, ili mnyororo ukihamishwa au ukivurugwa uweze kurudishwa mahali palepale. Hakuna anayekijua kibanio mpaka siku kinapohitajika.

"Mwalimu, vuta pumzi kwa pua," Lucius aliniambia kwenye robo ya tatu, bila kutikisa midomo.

"Pua imeganda."

"Basi usife upande huu. Mzee Gus ataandika kuwa umeonyesha hisia."

Na tulikuwa upande wa wageni, maana mnyororo hukaa huko. Kwenye benchi lao kulikuwa na jitu moja lenye namba sabini na tatu mgongoni na mkono uliofungwa plasta. Hakuwa na kazi siku hiyo ila mimi.

"Shangazi!" aliniita nikipita mbio. "Hizo buti umerithi?"

Nguzo haijibu. Na alikuwa amepatia.

"Shangazi, kimbia, tunafunga tena! Ah, pole, mmefunga nyinyi. Geuka!"

Nikageuka. Buti zikachelewa kugeuka. Nikaanguka chali, fimbo imesimama wima kifuani kama bendera ya kaburi. Jitu likacheka mpaka kocha wake akaligeukia.

"Hata akianguka fimbo haianguki," likasema. "Huyu mama mpeni mkataba."

Nakiri kwamba sentensi hiyo ilinipendeza. Nililala pale kwenye theluji nikifikiri: Baba ameona.

Zikabaki sekunde arobaini. Wageni hamsini na moja, sisi arobaini na nane. Mpira wetu, jaribio la nne, na zilikuwa zimebaki yadi tatu kuifikia fimbo yangu. Zikikosekana, mechi imekwisha. Uwanja mzima ulisimama. Mimi nilikuwa nimeshasimama, ndiyo kazi yangu. Nikaukaza uso, nikafikiria vita vya miaka thelathini vya Ulaya, mada ambayo huwa inanituliza.

Mpira ukarushwa. Kijana wetu akaudaka mita chache kutoka kwangu, akajipindua katikati ya watu wawili, akapita. Akapita! Hapakuwa na mtu mbele yake, theluji tu. Sijui ni nini kilitokea ndani yangu. Nimesoma chuo miaka minne na bado sina neno lake. Nilijikuta napiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia, niko hewani, fimbo juu, kisha ninakimbia sambamba na kijana yule pembezoni mwa uwanja, nimevaa buti moja, nimemburuta mshika fimbo ya nyuma hatua tisa nzima.

"Kimbia, mwanangu!" nilikuwa nikipiga kelele. "Kimbia!"

Sina mtoto.

Halafu nikaviona. Vitambaa viwili vya njano vya waamuzi juu ya theluji. Makosa ya timu zote mbili kwa wakati mmoja, bao limefutwa, jaribio linarudiwa. Mnyororo urudi pale ulipokuwa, na pale ulipokuwa palikuwa hatua tisa nyuma yangu.

Mwamuzi alinitazama. Jitu la benchi lilinitazama pia, na safari hii halikucheka.

"Shangazi," likasema taratibu, "umefanya nini?"

Lucius alikuwa ameinama kwenye mnyororo, mkono umefunika kibanio kama anayefunika mshumaa. "Hakijatoka," akasema. "Mstari wa thelathini na tano. Njoo na fimbo yako, mwalimu. Taratibu. Vaa buti kwanza."

Tukarudisha. Kibanio juu ya mstari, mnyororo ukavutwa, fimbo yangu ikatua. Mechi ikaendelea. Wetu wakampa mpira mtu mnene wa kubomoa katikati, akapotea chini ya rundo la watu, na walipoondolewa mmoja mmoja hakuna aliyejua kama amefika. Mwamuzi akatuita tuingie uwanjani tupime.

Nataka kusema ukweli hapa, maana hapa ndipo paliponikaa moyoni. Kupima ni hivi: kibanio kinawekwa kwenye mstari, na mtu wa fimbo ya mbele anavuta mpaka mnyororo unyooke. Ukiulegeza kidogo, kidogo tu, fimbo inarudi nyuma upana wa kidole. Hakuna jicho linaloona. Na mji mzima, pamoja na padri wetu, ulikuwa unaniomba kimoyomoyo nilegeze. Mimi nilikuwa nimeshaonyesha timu yangu mbele ya watu elfu sabini. Kwa aibu ile nilivuta. Nilivuta mpaka pete za mnyororo zikalia.

Pua ya mpira ilikomea upana wa kidole kabla ya fimbo.

Hamsini na moja kwa arobaini na nane. Basi.

Kwenye chumba chetu kidogo kando ya mabomba ya joto tulivua vizibao. Mzee Gus alinyoosha mkono, na nikakiweka kizibao changu juu yake.

"Alirudisha sawa, mzee," Lucius akasema. "Mimi nilikuwepo. Sawa kabisa."

"Najua alirudisha sawa."

"Na amepima dhidi ya timu yake mwenyewe. Nani mwingine hapa angefanya hivyo?"

"Wote," Mzee Gus akasema. "Ndiyo maana hakuna anayejua timu zao." Akakikunja kizibao vizuri, kwa heshima, kama nguo ya marehemu. "Bernadette, mimi mwenyewe niliruka leo. Ndani. Wewe uliruka nje."

Nikavua buti, nikavaa viatu vyangu.

Nilifika kwa Baba nimebeba buti mkononi, kwa kuwa nilikuwa nimebuni njiani hotuba ndefu ya kuomba radhi na nilidhani buti zingeifaa. Televisheni ilikuwa inanirudia. Naruka, natua. Naruka, natua. Baba aliipunguza sauti.

"Kibanio kilikuwa mstari gani?" akauliza.

"Thelathini na tano."

"Kilitoka?"

"Hakikutoka. Lucius alikishika."

Akatikisa kichwa. "Na kwenye kupima, ulivuta?"

"Nilivuta, Baba."

"Vizuri?"

"Nilivuta mno. Ndicho kinachonisumbua. Labda kwa sababu nilikuwa nimeshangilia, nikataka kujitakasa, nikavuta kupita kiasi. Labda yule mtu alikuwa amefika. Labda nimeunyang'anya mji mzima ushindi ili mimi nionekane mwadilifu."

Baba alinitazama kwa huruma ambayo watu wa viwanda huwawekea watu waliosoma.

"Binti yangu," akasema, "mimi nimefanya kazi ya chuma miaka kumi na saba. Hakirefuki kwa mkono wa mwalimu wa historia."

Akaniambia nikatoe supu ya kabichi jikoni.

Jumatatu nilikuta ile picha imebandikwa kwenye mlango wa darasa langu, na chini yake wameandika: BI MAZISHI AMEFUFUKA. Sikuibandua. Ilikaa hadi Krismasi, na nakiri kuwa mara mbili tatu nilipita njia ile bila sababu.

Mechi iliyofuata niliitazama kwenye kochi, karibu na Baba, sahani za soseji magotini. Fimbo ya mbele ilikuwa imepewa fundi friji mmoja wa mji jirani wa Cheektowaga. Nilikuwa huru. Hakuna kanuni inayomzuia mtu kushangilia sebuleni kwa baba yake, na nilikuwa nimejiahidi kwamba siku hiyo nitashangilia kama binadamu.

Kamera ikapita pembezoni. Tukasogea mbele wote wawili.

"Anaiegemea," Baba akasema.

"Kama mwavuli."

"Umeona? Umeona alivyoweka mguu?"

"Nimeona. Na buti zake zinamkaa sawasawa. Mbio atakuwa nazo, lakini hana msimamo."

"Hana," Baba akakubali, na akapiga goti kofi moja, goti langu safari hii.

Televisheni ikalipuka kwa kelele. Watu walikuwa wanakumbatiana, theluji inarushwa, mtangazaji amepaza sauti mpaka imekatika. Tuliendelea kukaa pale, nyuso zetu mbili za msibani, tukingoja kamera irudi kwenye ukingo.

"Nani amefunga?" Baba akauliza baada ya muda.

"Sijui," nikasema. "Sikuwa naangalia mpira."