Keki ya Vitunguu na Moshi wa Kibuyu

Siku yangu ya kwanza kazini, Sista Mkuu wa nyumba ya wageni pale Malampaka, Mjerumani, alinikabidhi kisu na kapu la vitunguu. Nikadhani ni adhabu. Mimi mtoto wa wafugaji wa Mwamapalala, nisimame jikoni nikitoa machozi! Kumbe tulikuwa tunapika keki. Keki isiyo na sukari, jamani, nilitaka kujua ni ya nini.

Sista akasema kwao huliwa wakati wa mavuno ya zabibu. Akanifundisha kukanda unga wa ngano kwa hamira na kuuacha uumuke, kisha kuutandaza kwenye trei. Vitunguu hukaangwa taratibu mpaka vilainike. Ukiwa na haraka vitaungua na utakula uchungu. Unachanganya mayai na malai yaliyochacha, yaani ule utando mzito wa juu ya maziwa, unatia kisibiti, vile vimbegu vinavyofanana na bizari nyembamba, na juu unanyunyiza nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Nilimsumbua kwa maswali hadi akaniita Bwana Kwa Nini.

Baadaye nikahamia hosteli moja ya Bariadi, chini ya Meneja mkali asiyependa kelele mezani. Bwana Mifugo, Mwislamu kutoka Tanga, alikuwa anakula kwetu kila siku, na watumishi wenzake wakaja kwa kumfuata yeye. Nilipomsimulia keki ya Sista na nguruwe wake wa moshi, akaniomba aonje isiyo na nguruwe. Nguruwe sikuweka, wala trei ya nguruwe sikuigusa. Malai yalikuwa yamekwisha, nikatia mtindi wa mama yangu, alioniletea kwenye kibuyu.

Alitafuna mara moja, akaweka uma chini.

“Masanja, umenilisha nini?”

Alisema polepole, lakini meza nzima iliacha kula. Meneja akaninong'oneza kwamba Bwana Mifugo akihama, na mimi nifungashe. Kazi ilikuwa kazi, lakini kilichoniuma zaidi ni kudhaniwa mtu wa kumlisha mwenzake haramu kwa siri. Niliumia sana.

Nikaleta kibuyu cha mama, nikakifungua mbele yake. Kwetu kibuyu cha maziwa hufukizwa kwanza kwa kijinga cha moto, maziwa yakae bila kuharibika, na moshi ule hauondoki. Mimi niliuzoea tangu utotoni, nikawa siusikii tena. Alikinusa kwa muda mrefu.

“Moshi huu nimeshaunywa kwenye maziwa ya kijiji cha Kimali, nilipokwenda kuchanja ng'ombe,” akasema. Akavuta sahani, akala yote. Kisha akaniambia, “Siku nyingine nionyeshe kabla sijatia mdomoni.”

Aliendelea kula kwetu mpaka alipohamishwa.

Sasa nimestaafu, naoka nyumbani kwa sufuria, makaa juu na chini, na bado najiuliza nani huko Ujerumani alianza kuita vitunguu keki. Wajukuu huiita pizza ya babu, waache. Mgeni akija, awe wa dini yoyote, namsalimu kwa Kisukuma, “Mwadila,” halafu namwingiza jikoni aone kila ninachotia. Mke wangu hunigombeza, ati mgeni hupokelewa sebuleni. Najua. Lakini yeye hajawahi kuulizwa swali lile mbele ya watu, na mimi sitaki kuulizwa tena mpaka naingia kaburini.