Jalada Lilitangulia Kitabu

Kwetu jalada lilitangulia kitabu. Naanza na hilo, maana ukilijua utaelewa upumbavu wote unaofuata, na sehemu kubwa ya upumbavu huo ilikuwa yangu.

Nilikuwa daktilo. Nilipiga mashine katika nyumba ya uchapaji ya chuo kimoja hapa Bukavu, miaka ile tulipokuwa Wazaïre na ofisini kila mtu aliitwa citoyen, yaani raia, hata yule uliyetamani kumwita mbwa. "Nyumba ya uchapaji" ni jina la heshima tu. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya maktaba, chini ya manjanja, mabati ya paa yaliyovuja kila mvua, chenye meza ndefu, kabati, mashine yangu ya kuandikia, na ronéo, mashine ya kutoa nakala ya kuzungusha kwa mkono. Tulikuwa watu watatu: chef wetu, mwanamume mnene mwenye suti mbili za abacost za kubadilisha; muzee wa ronéo, aliyekuwa na wino kwenye kucha mpaka Jumapili kanisani; na mimi. Sisi watatu ndio tuliotoa vitabu vya wasomi wa chuo kizima, vyote kwa Kifaransa: ng'ombe wa maziwa wa Bushi, samaki wa ziwa, ndoa ya kimila mbele ya sheria, dhahabu ya Kamituga, udongo wa mpunga wa Sange, hesabu, mantiki, haya yote. Tulichapa elimu ya dunia nzima na hatukuwa na choo kinachofungika mlango.

Sasa majalada. Karatasi ngumu ya rangi, ronéo yetu haikuiweza. Mjini kulikuwa na wamisionari wenye mashine nzuri, nao walikubali kutuchapia majalada mara moja tu kwa mwaka, yote pamoja. Basi kila mwaka chef alikaa akawaza ni vitabu gani vingetoka Mungu akipenda, akapeleka majina, na majalada yakarudi mazuri kabisa, yakapangwa kabatini kungojea vitabu. Na kwa kuwa jalada lipo, chef aliandika kitabu katika katalogi, chini ya maneno "Vimetoka Sasa". Katalogi ikaenda Kinshasa, ikaenda Ulaya. Nilimwuliza siku moja, "Citoyen chef, kitabu hakiko. Tunatangaza nini?"

"Jalada iko," akasema. "Ile ingine itafwata."

Tulikuwa pia na desturi moja, na sijui nani aliianzisha. Kitabu kilipotoka kweli, mwandishi alileta kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na daktilo ndiye aliyemkabidhi nakala ya kwanza, kwa mikono miwili, huku akisema kwa kichwa sentensi moja iliyomo ndani. Ilikuwa ya kuonyesha kwamba yuko walau mtu mmoja aliyekisoma. Wasomi waliipenda kuliko kasiksi yenyewe. Nimemwona mwanamume wa ndevu akitokwa na machozi kwa sababu nilisema sentensi yake juu ya mapezi ya samaki.

Nami nilikuwa nadanganya. Asubuhi ya sherehe nilifungua ukurasa wowote, nikaokota sentensi fupi, nikaikariri njiani kutoka kabatini hadi mezani. Kusoma? Nani alikuwa anasoma! Stensili, ile ambayo ronéo hupitishia wino, ni karatasi yenye nta. Unaondoa utepe wa wino, herufi inatoboa nta, na unachopiga karibu hukioni. Macho yako kwenye daftari la mwandishi, vidole kwenye mashine, kichwa nyumbani kwa mtoto uliyemwacha na homa. Ningeweza kupiga kurasa ishirini juu ya kifo na nisijue nani amekufa.

Huyu ninayetaka kusimulia habari zake alifundisha jiografia. Hakuwa professeur. Alikuwa assistant tu, mwenye mvi, na wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamempita cheo. Kwa miaka mingi alizunguka vilima vya mji huu, Kadutu, Nyawera, Muhumba, akiangalia wapi ardhi inapasuka, wapi mvua ikinyesha mlima unatembea, akiwauliza mama wazee nyumba ya nani iliteremka mwaka gani. Aliingia ofisini na matope mpaka magotini, nami nilimfokea kwa sababu ni mimi niliyefagia. Alicheka. Aliweka mezani rundo la madaftari ya shule yaliyojaa mwandiko mdogo.

"Maman, hii njo maisha yangu yote," akaniambia. "Siko na shamba, siko na nyumba ya matofali. Niko na hii tu. Nikione kitabu mu mikono, hata nikufe kesho, haina neno."

Nikamwambia asiseme mambo ya kufa ofisini kwangu.

"Na kilima yenu iko ndani," akaongeza. "Utajisomea ukifika pale."

Nilipiga stensili mia mbili na kumi na nne. Kwa kilima chetu lazima nilipita, kama nilivyopita kwa vilima vyote, lakini sikusimama. Siku niliyomaliza, alikuja na kiberiti. Wakati ule ma-assistant walikuwa wanaogopana kama paka na mbwa, kwa sababu mmoja wao alishasahau daftari zake kwenye meza, na mwaka uliofuata kazi yake ikatoka kwa jina la mwingine. Tangu siku ile wakajiwekea sheria yao wenyewe: stensili zikiisha, madaftari motoni. Hakuna kitu cha kuibiwa.

Muzee wa ronéo alijaribu. "Citoyen, ngojea kwanza tuchape."

"Nilaze hii wapi?" akajibu. "Siku hizi mwizi iko na diplôme."

Tukacheka wote. Tulichoma nyuma ya maktaba, ndani ya pipa. Daftari nene haishiki moto vizuri, basi ni mimi niliyechukua fimbo nikawa nazigeuza ili ziungue mpaka katikati.

Karatasi ilifika kwa ndege, Kavumu, tukaipokea kwa furaha. Ilitosha kitabu chake. Hata hatujafungua pakiti ya kwanza, barua ikashuka kutoka juu: sikukuu inakaribia, chapeni vijitabu vya nyimbo na hotuba, haraka. Tukachapa nyimbo. Karatasi ikaisha yote, na vijitabu vingi tulivikuta baadaye vimelowa uwanjani. Chef akasema karatasi nyingine itakuja. Ilichukua mwaka na zaidi.

Mwaka huo ndipo nilipoharibu. Panya walikuwa wameanza kula nta ya stensili, nami nikajiona mwenye akili. Nilichukua zile mia mbili na kumi na nne, nikazipanga katika malle, sanduku la bati, nikaweka chuma kizito juu yake zisijikunje, nikapandisha malle juu ya kabati, karibu kabisa na manjanja, panya wasifike. Muzee wa ronéo akanisifu. Kisha kiangazi kikaingia, jua likapiga lile paa mwezi mmoja, wa pili, wa tatu, na hakuna aliyefungua.

Karatasi ilipofika, tulishusha malle. Ndani mlikuwa na kitu kimoja tu, kizito, kimeshikana kama kipande kikubwa cha sabuni. Nilijaribu kubandua ya juu kwa ukucha. Ikachanika, na herufi zikabaki kwenye ile ya chini. Nikajaribu kwa wembe, nikajaribu kwa mvuke wa maji ya moto. Aïe mama! Muzee alivua kofia kama mtu aliyefika kwenye matanga. Mimi nililia kwa sauti, sikuona haya, wanafunzi wakaja kuchungulia dirishani. Maji yakimwagika hayazoleki, na yale niliyamwaga kwa mikono yangu, tena kwa kujivuna.

Chef akafunga dirisha. "Hakuna mutu kusema," akasema, na hatukusema.

Ilikuwa rahisi kunyamaza kwa sababu mwenyewe hakuwa anakuja tena. Sukari ilimshika, miguu ikavimba, kisha macho yakazimika. Nilifikiri, nitakwenda na daftari mpya, aniambie kitabu upya, niandike. Niliwaza hivyo kila Jumatatu. Sikwenda. Ningeingiaje nyumbani kwa kipofu kumwambia aanze upya kutembea vilima vyote?

Halafu binti yake akaja, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mtulivu. Alikuwa ameshika katalogi yetu, imekunjwa pale palipoandikwa kitabu cha baba yake, chini ya "Vimetoka Sasa".

"Papa anauliza kitabu yake," akasema. "Docteur alisema tusingojee sana."

Chef alimjibu, "Keshokutwa, citoyenne. Tutaleta sisi wenyewe."

Alipotoka, chef alifungua kabati akatoa jalada la kijani lenye jina la yule mtu, jina la kikwetu tu, la ubatizo lilikuwa limekatwa kwa amri ya wakati ule. Kisha akaonyesha kwa kidevu zile karatasi zilizobaki za kitabu cha ng'ombe wa maziwa. Nilielewa mara moja. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii chef wake. Nilimwambia anamwibia maiti na maiti hajafa bado.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Uko na ingine?" akauliza.

Sikuwa nayo. Muzee akapanga ng'ombe, akapiga pini, mimi nikapaka gundi.

Siku mbili nilitafuta kichwani sentensi. Hakukuwa na ukurasa wa kufungua safari hii, na nilitaka, kwa mara ya kwanza, iwe ya kweli. Nilikaa kitandani nikisogeza vidole juu ya blanketi, labda vyenyewe vingekumbuka. Ya pili usiku nikaipata, nikafurahi mpaka nikamwamsha mume wangu.

Tulifika kwake saa sita mchana. Alikuwa amekaa kwenye kiti, amevalishwa shati safi, na kasiksi imewekwa mezani pamoja na vikombe, kama desturi. Chef alitoa hotuba fupi. Nikapiga magoti, nikamwekea kitabu mikononi.

Alikipapasa polepole. Alinusa. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kurasa, na kidole kikafika mwisho upesi. Akarudia. "Mulifanya herufi ya kidogo?" akauliza.

"Ndiyo, papa, karatasi ilikosekana," nikasema.

"Haina neno." Akampa binti. "Soma mahali popote."

Binti akafungua. Nilimwona akisoma kimya mstari, kisha mwingine, akageuza ukurasa, kisha akaniangalia mimi. Hakumwangalia chef. "Papa, mwangaza ni kidogo," akasema.

"Saa sita ya muchana?"

Muzee wa ronéo alitazama kucha zake. Yule mtu akageuza uso upande wangu, na macho yale yasiyoona yakanikosa kidogo.

"Basi, maman, sema yangu," akasema. "Wewe njo ulinisoma."

Nikaisema, kwa Kifaransa, taratibu, nisikose neno. Kwa Kiswahili ni hivi: mlima hausahau maji uliyoyanywa.

Midomo yake ilikuwa inairudia.

"Hapana," akasema. "Hiyo haiko yangu. Ni nzuri, lakini sikuiandika mie."

Mpaka leo sijui niliitoa wapi. Pengine katika kitabu cha mwingine, pengine kichwani mwangu tu.

"Ma-cahier zangu," akauliza, "nilizichoma zote?"

"Zote, papa."

"Ulikuwa pale?"

"Nilikuwa pale."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa ya gari na akakuta limekwenda. Kisha akasema tunywe, kasiksi isiharibike. Tukanywa. Hakunitukana, na ningempa kila kitu nilicho nacho ili anitukane.

Alikufa kabla ya mwezi kuisha. Watu wa chuo walikuja wengi, wakasema ameacha kitabu, na mtu mmoja akashauri kiwekwe kifuani pake. Binti hakupinga. Jalada la kijani lilionekana vizuri mbele ya wote, na ng'ombe wa maziwa wakazikwa naye.

Katika katalogi kilibaki, kwa sababu hakuna aliyekifuta. Mwaka uliofuata ikaja barua kutoka maktaba moja ya Ulaya, kwa heshima nyingi, ikiomba nakala mbili. Chef akanisomea jibu, nami nikalipiga: tunasikitika, kitabu kimekwisha.

Masika hayo ukuta wa jikoni kwangu ulipasuka kutoka juu mpaka chini, na ufa ukaendelea nje, ukavuka shamba la mihogo hadi kwa jirani. Jirani akaja kuniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa vitabu, kama tuhame au tukae. Nilisimama mbele ya ufa ule mvua ikininyeshea. Jibu la kilima chetu nililipiga kwa vidole hivi, na sikukumbuka hata neno moja. Nikamwambia sijui.