Kikombe cha Baba Mkwe

Naikumbuka Jumapili moja, mwanangu, tumetoka kanisani na viatu bado viko miguuni, mume wangu alipolichukua kopo la sukari pale mezani. Sukari yote akaimimina kwenye mfuko, akampelekea jirani. Kisha akajaza chumvi kwenye kopo lile lile na kulirudisha mahali pake. "Kuanzia leo," akasema, "nyumba hii nzima inaumwa ugonjwa mmoja."

Aliyeumwa hasa ni baba yake. Mzee alikuwa mkulima wa Ndalambo, mtu wa ugali, maharage na mlenda. Mama mkwe alipofariki tukamleta kwetu Chapwa, huku mpakani, na hapo ndipo alipokutana na kibanda changu. Nilikuwa nauza soda, biskuti, pipi na juisi za unga, mzigo nauvusha mwenyewe kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na jioni nakaanga chipsi pale pale mlangoni. Tulikuwa tunakula tunachouza. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyesema hivyo nadhani alipita kibandani kwangu. Miaka miwili haikuisha, zahanati wakamwambia mzee ana kisukari.

Mume wangu hakutaka baba yake ale chakula cha mgonjwa peke yake, kama mtu anayeadhibiwa. Basi tukakubaliana wote: yeye, mimi, binti yetu Tumaini aliyekuwa na miaka saba, na mzee mwenyewe. Soda basi, biskuti basi, chipsi basi, chai kavu bila sukari. Kibandani nikaanza kuuza nyanya, dagaa na mkaa. Na kila Jumapili baada ya chakula, kila mtu angesema mbele ya wenzake kama ameteleza, maana kuteleza si kuanguka.

Jumapili zile tulicheka sana, sikufichi. Mume wangu, aliyekuwa akipakia mizigo kwenye malori mpakani, alikiri wiki tatu mfululizo kwamba chipsi zimemshinda. Tumaini alikiri pipi moja ya kijiti ambayo, kwa maelezo yake, aliilamba upande mmoja tu. Mimi nilikiri maandazi ya kipaimara cha mtoto wa jirani. Lakini zamu ikizunguka na kufika kwa mzee, ilimruka. Hakuna aliyemuuliza. Ndivyo tulivyolelewa, mzee haulizwi kama mtoto, na sisi sote tuliona tunamheshimu.

Sasa nikuambie kosa langu. Mimi ni Mnyiha wa Nanyala. Mzee alitaka mwanawe aoe Mnamwanga mwenzao, na kwa miaka minane alinisalimia kama unavyomsalimia mpita njia. Chakula changu alikula, ila hakuwahi kusema ni kitamu. Nililitamani neno moja zuri kutoka kwake kuliko nilivyotamani kanga mpya. Wiki ya tatu ya makubaliano yetu, mchana, tumebaki wawili nyumbani, akaniita.

"Mama Tumaini."

"Abee, baba."

"Nina kiu. Maji hayaikati."

Nilijua anachotaka. Nilikofundwa mimi, mkamwana hamwambii baba mkwe hapana. Anapiga goti, anaitikia, anakwenda. Nikaenda duka la mtaa wa pili nikanunua soda, nikaimimina kwenye kikombe chake cha bati ili atakayepita adhani ni chai, nikapiga goti nikampa. Akanywa amefumba macho. Alipomaliza akaniambia, "Wewe ni mwanangu kabisa."

Miaka minane nilikuwa nimeisubiri kauli hiyo. Kesho yake sikungoja kuitwa.

Tukaendelea hivyo miezi, kikombe na biskuti mbili pembeni. Akaanza kunisimulia habari za ujana wake, ng'ombe waliowahi kumpotea, mama mkwe alipokuwa msichana. Alinifundisha kusalimia kwa Kinamwanga na alinicheka nilivyokosea. Nilikuwa na furaha, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Siku moja Tumaini aliokota kizibo cha soda chini ya kitanda cha babu yake, akaniletea mkononi. Nikakitia mfukoni nikamwambia aende akacheze. Jumapili ilipofika mtoto aliniangalia, akaangalia sahani yake, akaanza kukusanya vyombo.

Kidonda kilianza kwenye kidole cha mguu, mahali kiatu kilipomchubua. Hakikupona. Tulipomfikisha hospitali mguu ulikuwa umeshabadilika rangi, wakaukata chini ya goti. Nesi aliuliza mgonjwa anakula nini nyumbani. Mume wangu akasimama. "Dada, kwetu sukari haiingii. Hata mtoto wa miaka saba ameacha." Alisema hivyo kwa sababu aliamini hivyo. Mimi niliangalia sakafu, na mzee akageukia ukutani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tuliyaficha wawili.

Nilimuuguza kwa mikono yangu. Siku chache kabla hajatutoka, asubuhi nikimnywesha uji, alikisukuma kijiko pembeni akanishika mkono.

"Mama Tumaini, ungeniambia hapana, ningenuna siku mbili." Akapumua kidogo. "Ya tatu ningekula ugali wako."

Hakusema kwa hasira. Heri angesema kwa hasira. Nilimwomba msamaha nikilia, akasema amenisamehe, kosa ni la wote wawili. Kisha akaniambia, pole pole, kwamba kazi ya mgonjwa ni kutamani na kazi ya mzima ni kukataa, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa mzima. Sijawahi kukaripiwa kwa upole kama ule.

Tulimzika Ndalambo, karibu na mkewe. Jumapili iliyofuata tukakaa mezani watatu. Mume wangu alisema hakuna haja ya zamu tena, maana aliyekuwa sababu ameondoka. Nikasema mimi nina la kukiri, nikaeleza yote, tangu kikombe mpaka kizibo. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikwenda kukichukua kikombe cha baba yake, akakiosha ingawa kilikuwa safi, akakirudisha mahali pake, akatoka nje. Wiki nyingi zilipita hajanisemesha zaidi ya salamu. Tulibaki tukiishi pamoja na alinisamehe kadiri alivyoweza, lakini zile Jumapili za kucheka hazikurudi.

Tumaini alibaki nami mezani. "Mama," akasema, "mimi nilijua." Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba aliona mimi sisemi. Yaani nilikuwa nimemfundisha mtoto kuuficha ukweli na kudhani kwamba ni adabu, na siku zote nilijiona mama mwema.

Mwanangu, leo nasikia nyumba nyingi zimeamua kama sisi tulivyoamua. Soda imepigwa marufuku, chipsi zimepigwa marufuku, watoto wananuna, baba anajificha kwenye kibanda cha jirani. Hayo ni ya kawaida, chekeni na muendelee. Nasaha yangu ni hii: msimruke mtu. Zamu ifike kwa baba, ifike na kwa babu. Mkubwa akiulizwa kwa adabu hapungukiwi kitu. Na wewe ukitumwa jambo litakalomdhuru anayekutuma, piga goti kama ulivyofundwa, halafu ukiwa hapo hapo chini umwambie, "Hapana, baba." Usiogope kwamba hatakupenda. Mimi nilinunua upendo wa mzee wangu kwa soda, na upendo wenyewe kumbe ningeupata siku ya tatu, bure, juu ya sahani ya ugali.

Kile kikombe ninacho mpaka leo, nakinywea maji. Majuto ni mjukuu, nami mjukuu huyo nimeshamlea akakua, sasa ananilea yeye.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe wazee wa kukununia, na wakununie miaka mingi, wakitembea kwa miguu yao miwili.