Mjusi Ndani ya Kanzu ya Mwinyimadi

Mwinyimadi wa Masaki, Kisarawe, alikuwa mkata fito. Aliingia msituni alfajiri, akatoka jioni na mzigo begani, na hakuna aliyepata kumwona akikaa kitako muda mrefu. Kwa sababu hiyo Mzee Husseini alimnyima binti yake, Mboni, mara mbili. Mwaka 1938 alikubali kwa sharti: siku ya ndoa bwana harusi atulie mpaka mwisho, la sivyo posa irudi.

Asubuhi ya ndoa kanzu ilikuwa bado na unyevu. Mwinyimadi aliianika juu ya gogo ukingoni mwa msitu, kisha akaivaa bila kuikung'uta. Chini ya magogo kama hilo huishi mjusi wa msituni, mwenye ngozi inayong'aa kana kwamba imepakwa mafuta.

Sheikh alipokuwa akisoma hotuba, na bwana harusi ameshikana mkono na mkwewe, mjusi alianza kumpanda mgongoni. Mwinyimadi hakutikisika. Mjusi alipofika kwapani, Mwinyimadi akambana. Mjusi wa aina ile akibanwa hukata mkia wake na kuuacha. Basi mkia ukateremka ndani ya mkono wa kanzu, ukaangukia mkekani, ukarukaruka mbele ya Sheikh.

Mzee Husseini alifungua kinywa. Kabla hajasema, Twalibu alikwisha kujitupa mkekani. Huyu alikuwa Mnyamwezi wa shamba la mkonge huko Kibaha, na kwa hiyo mtani wa Wazaramo wote waliokuwapo. Aliufunika mkia kwa kofia yake.

"Msiba huu, jamani. Mzaramo mwenzenu amekufa, nanyi mnaozesha?"

"Twalibu, inuka. Huo ni mkia," alisema Mzee Husseini.

"Mfiwa hasemi sana, babu. Kaa ulie."

Kwa desturi ya utani, hakuna aliyeruhusiwa kumkasirikia, wala shughuli haikuweza kuendelea mpaka apewe chake. Kofia ilikuwa ikitikisika. Sheikh aliuliza kwa upole kama maiti anayecheza anahesabiwa kuwa maiti.

"Ndiyo maana tunangoja," alijibu Twalibu. "Hatuziki mtu mwenye shughuli."

Wakangoja. Mzee Husseini aliinuka, akaketi, akaenda mlangoni, akarudi, akaketi upande usio wake. Mwishowe aliagiza jogoo aletwe.

"Chukua, uondoke na marehemu wako."

"Mzee," alisema Sheikh, "bwana harusi hajasogea hata kidogo. Sasa anakungoja wewe utulie."

Mzee Husseini alimtazama Mwinyimadi, aliyekuwa akitiririka jasho, mkono umegandamana na ubavu. Akaketi, akampa mkono, akatamka maneno ya kumwozesha.

"Nimekubali," alijibu Mwinyimadi kwa sauti iliyosikika hadi ndani kwa wanawake. Kisha akauliza, "Baba, sasa naruhusiwa kuinuka?"

"Inuka, mwanangu."

Aliinuka, akakimbilia msituni huku akivua kanzu, na Twalibu nyuma yake, jogoo mkononi, akidai mwili wote wa marehemu.