Mwanafatuma Aliyeacha Kupiga Simu

Mikono ya Mwanafatuma wa Mwabungo ina sifa katika hoteli za Galu. Mgeni huja kwake shingo imekakamaa, safari ya ndege bado imo mabegani, na akishakandwa huondoka amelegea kama mtoto aliyetoka kuoga. Lakini mwulize mwenyewe mikono hiyo inataka nini, atakwambia bila kuzunguka: inataka kumkanda Ummi, mwanawe wa pekee, siku zote arubaini za uzazi wake wa kwanza, kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, katika chumba kilekile alichozaliwa Ummi mwenyewe.

Na hakuwa anaomba makubwa. Kwao mimba ya kwanza hurudi nyumbani kwa mama. Mume humleta mkewe, akala, akashukuru, akarudi zake. Ila Ummi aliolewa Tanga, ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga, na mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, Bi Hadiya, alikuwa keshamtandikia kitanda huko. Mwanafatuma kwenda Tanga mwenyewe hakukuwezekana. Mtu haendi kumkanda mwanawe katika nyumba ya mavyaa ambaye hakumwita. Ni sawa na kumwambia mwenye nyumba kwamba hajui kazi. Na Ummi, ambaye tangu utotoni hajaweza kumwambia mtu hapana, alikuwa akimwambia huyu inshallah na yule inshallah.

Basi Mwanafatuma akawa hatui simu. Asubuhi kabla ya kazi, mchana akila, jioni akivua viatu. Unakuja lini? Chumba nimekipaka chokaa. Khanga nimeshakununulia, njoo uzione. Kadiri alivyouliza ndivyo Ummi alivyozidi kujibu kwa mkato, na mara nyingine simu iliita tu mpaka ikakatika. Alimtamani mwanawe vibaya sana. Siku moja harufu ya shingo ya Ummi, ile ya udogoni, ilimjia ghafla akiwa katikati ya kumkanda Mjerumani, ikabidi asingizie kwamba mafuta yamemwingia jichoni.

Msimu huo hotelini palikuwa na mama wa Kichina mwenye mvi, aliyeletwa kuwafundisha wageni mazoezi ya polepole. Wafanyakazi walimwita Mwalimu. Kulipokucha alisimama mchangani akiipeleka mikono huku na huku kana kwamba anapangusa kioo kisichoonekana, na Mwanafatuma, akishasali, akazoea kusimama nyuma ya wageni akifuatisha. Wenzake walimcheka. Dadake akamwuliza kama amebadili dini.

"Ninapumua tu," akamjibu. "Tangu lini kupumua kukawa na dini?"

Mwalimu alikuwa mtu wa Njia, ile ambayo Wachina huiita Tao, na alipenda kuieleza wakati wa chai. Kiingereza chake kilipitia kwa Quincy, mhudumu wa baa, mtu wa Nakuru. Mwalimu alizungumza kwa urefu juu ya maji yanayofika bondeni bila kusukumwa, juu ya kutenda pasipo kulazimisha, na juu ya moyo kutua wenyewe ukiacha kuukoroga. Quincy alisikiliza yote, akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akamgeukia Mwanafatuma.

"Anasema usifosi, mathe. Itajipa."

Hivyo ndivyo hekima ya karne na karne ilivyofika Mwabungo, imekunjwa kama leso. Hata hivyo Mwanafatuma aliielewa, kwa kuwa mikono yake ilikuwa ikiijua siku nyingi. Msuli uliokaza haulegei kwa kupigwa. Aliona amekuwa akimkanda mwanawe kwa viwiko, na tangu siku hiyo akaacha kumpigia simu.

Ummi alipotuma "Shikamoo mama", alijibu "Marahaba", basi. Hakuuliza safari, hakuuliza hali. Alijiona amepiga hatua, akamweleza Mwalimu kwa ishara, na Mwalimu akamshika bega akafurahi naye. Lakini ukweli ni kwamba hakuwa ametulia hata kidogo. Kila alipomaliza mgeni mmoja alikimbilia simu kutazama kama kimya chake kimefanya kazi. Alikuwa amenyamaza kwa nguvu zilezile alizokuwa akiulizia.

Ijumaa moja baada ya alasiri, akiwa chumba cha nguo anakunja mataulo, simu ikalia. Alikuwa Ummi, na analia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Nimekukosea nini, mama? Umeninyamazia. Najua umeniondolea radhi zako, na mimi siwezi kuzaa bila radhi za mama, naogopa. Nimeshafunga nguo. Kesho napanda basi nakuja."

"Daktari amesemaje?"

"Amesema presha imepanda. Amesema nisitoke Tanga mpaka nijifungue. Lakini nitakuja, mama. Bora nizae njiani nikiwa na radhi zako."

Mwanafatuma akakaa juu ya mataulo. Kila alichokitamani kilikuwa kinamjia kesho kwa basi, na wala hakuhitaji kusema neno. Angenyamaza tu kama alivyokuwa amenyamaza. Kwa kitambo alimwona Ummi chumbani, khanga mpya kiunoni, na moyo wake ukaruka. Kisha aliona haya. Hakuna mama wa pwani hii asiyejua kimya chake kinamwambia nini mtoto. Naye alijua. Alijua tangu siku ya kwanza, akaisingizia Njia.

"Usije," akasema. "Nisikilize, Ummi. Radhi zangu hazijakutoka hata siku moja. Zaa hapo ulipo. Mimi niko radhi nawe, na Mungu awe radhi nawe."

"Hukukasirika?"

"Nilikutamani tu, mwanangu. Nilikutamani mpaka nikakosa adabu."

Ummi alilia tena, kilio chepesi sasa, kisha akasema mgongo unamuuma hata hajui alaleje.

"Bi Hadiya yuko hapo? Mpe simu."

Wanawake hao hawakuwa wamezungumza tangu harusini. Bi Hadiya aliitikia salamu zote kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kwa ugomvi.

"Mkwe wangu," Mwanafatuma akasema, "mlaze Ummi kwa ubavu wa kushoto, na simu uiweke karibu naye. Mafuta yapashe kwanza viganjani mwako, hapendi baridi. Anzia kiunoni, ukipanda juu polepole. Utapakuta mahali pamekaza upande wa kulia, alianguka mperani alipokuwa mdogo."

Palikuwa na mshindo wa kitanda, kisha sauti ya Bi Hadiya, imelainika, ikitoka mbali kidogo.

"Ni hapa, mkwe wangu?"

Mwanafatuma alisikiliza mpaka Ummi aliposhusha pumzi, ile pumzi ndefu aliyoizoea tangu anamnyonyesha, na machozi yakamtiririka. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, mitupu.

"Ni hapo," akasema. "Hapo hapo. Endelea."