Chupa Mbili Juu ya Kabati

Jirani yangu wa ukuta mmoja alipiga deki hospitalini kwa miaka ishirini na miwili. Wauguzi walimwita Mama Madeki, nasi tukalichukua jina hilo. Alianzia ukutani akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, bila kukanyaga alipokwisha kupita.

Binti yake wa pekee, wa miaka kumi na mmoja, uani tulimwita Malkia, kwa kuwa hakuwahi kuonekana akiosha hata kijiko. Akishika ufagio, mama humnyang'anya. Akichungulia bafuni wakati mama anasugua choo, hufukuzwa: "Toka hapo, nenda kasome!"

"Mama Madeki, mtoto huyo utamharibu," nilimwambia.

"Babu, mimi nimepiga deki ya kututosha wote wawili. Huyu atakuwa na watu wa kumdekia."

"Watatoka wapi, kama kila mama anasema hivyo?"

Akacheka. "Tutawaita wazee wenye maneno mengi."

Nyumba nilimolelewa mimi, mtoto hakunywa chai kabla hajafagia sehemu yake. Hakuna aliyetupigia makofi. Tulijifunza kwa kusimama ubavuni mwa mkubwa tukimshikia ndoo, tukiuliza maswali ya kipuuzi na kukemewa. Siku hizi mtoto hufungiwa ndani na daftari. Anaijua mito ya mabara yote, lakini sabuni ya kwao inakaa wapi, hajui.

Mwaka huu mgongo wa Mama Madeki ulimgomea. Alikuwa akirudi kutoka kazini amepinda upande mmoja, na bado akipiga magoti kusugua bafu. Siku moja nilimkuta Malkia bombani.

"Mama yako anatambaa, nawe unatazama tu?"

"Babu, ananikataza."

"Basi ngoja aende kazini. Arudi akute kumeng'aa. Atakukatazaje kitu kilichokwisha?"

Alitabasamu mpaka fizi zikaonekana. Nami nikaondoka nimevimba kichwa, kana kwamba nimeokoa nyumba.

Jumamosi iliyofuata mama alikuwa na zamu ya asubuhi. Ng'ambo ya ukuta nilisikia ndoo, brashi, na wimbo wa shule. Kisha nikasikia kiti kikisogezwa kwenye kabati. Juu ya kabati hilo Mama Madeki aliweka chupa mbili za maji alizozijaza dawa za kazini: moja klorini ya kuua vidudu, nyingine tindikali ya kung'oa ukoko wa choo. Malkia aliwahi kumwona akimimina ya kwanza, na siku nyingine akimimina ya pili, kila mara kabla ya kufukuzwa. Hakuwahi kubaki akaona kwamba kati ya hizo mbili mama hufungua dirisha na kumwaga ndoo tatu za maji. Wala hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zikikutana hutoa hewa ya sumu.

Nilisikia dirisha la bafu likifungwa. Baadaye alisema alilifunga ili majirani wasije wakamchongea kwa mama kabla hajamaliza. Wimbo ukaendelea ubeti mmoja, ukakatika katikati ya neno. Kikafuata kikohozi. Brashi ikaanguka sakafuni. Halafu kimya.

"Malkia!"

Nilizunguka ukuta mbio, nikaingia kwao.

Nilikuta mlango wa bafu umetiwa komeo kwa ndani. Nilisukuma kwa bega mara tatu, na mara ya nne misumari ikang'oka. Harufu iliniuma macho. Nilimshika miguu nikamburuta hadi uani, midomo yake imeshabadilika rangi, nikapiga kelele hadi akatokea mwenye gari.

Walimwekea oksijeni katika wodi ambayo mama yake alikuwa ametoka kuipiga deki. Sakafu ilikuwa haijakauka bado. Mama Madeki alisimama miguuni pa kitanda, glavu mikononi.

"Nani alimtuma?"

"Mimi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Ulimwambia afanye," alisema. "Hukumwambia namna."

Ulimi uliniwasha nimuulize yeye alimwambia lini. Nilimtazama mtoto, nikameza.

Malkia alitoka hospitali siku ya sita. Daktari alisema kifua huenda kikapona, huenda kisipone, tusubiri miezi. Jumamosi hiyo nilisikia kigoda kikiburutwa hadi mlango wa bafu, na dirisha likifunguliwa wazi.

"Kaa hapo. Leo utatazama mpaka mwisho. Hii nini?"

"Klorini."

"Na hii?"

"Tindikali. Mama, hizi hazi..."

Kikohozi kilimkatiza. Brashi ilisimama. Ng'ambo ya ukuta niliweka kikombe changu chini, nikangoja pumzi ya mtoto irudi. Ilirudi, lakini ilichelewa kuliko jana.