Mtoto Mwenye Mechi Kesho

Nilikuwa kwenye duka la dawa Gongo la Mboto. Mbele yangu mama mmoja, aliyekuja na binti yake na bibi wa mtoto, aliomba dawa ya kuchua, maana binti aliangukia mkono jana yake akicheza netiboli shuleni.

“Wala hauumi, mama,” binti alisema. “Kesho nacheza.”

“Si umemsikia?” bibi yake akadakia. “Mchue kwa maji ya moto, utapoa.”

Mama akasita. Muuzaji akamnyooshea mtoto pipi, naye akaipokea kwa mkono wa kushoto.

“Tangu lini unapokea kwa kushoto?” bibi akamkemea. “Adabu gani hiyo?”

Mtoto akajaribu kuinua mkono wa kulia. Ukaishia kiunoni, machozi yakamlengalenga.

Mama akairudisha dawa kaunta. “Twende hospitali,” akasema taratibu. Bibi hakubisha, alishatoka nje kuita bajaji.

Wiki iliyofuata nilikutana nao sokoni. Mfupa ulikuwa na ufa, mkono umefungwa hogo la plasta, na bibi ndiye aliyembebea begi.

Tunapenda kuwauliza watoto kama wanaumia. Tuwaulize, lakini tuwatazame pia. Mwenye mechi kesho si shahidi wa kuaminika.